Makofi ya Mlangoni

Ernesta alikuwa amemwomba Mungu mambo mawili tu asubuhi ile: mvua isinyeshe kijijini kwao Kumsenga, na baba yake mkubwa asikasirike. Mvua haikunyesha.

Walitoka Kasulu jua likiwa bado halijapata nguvu, watu watatu ndani ya gari dogo la Mzee Mudathiri. Ernesta alikaa nyuma ameipakata spika kama mtoto wa mtu mwingine, kwa uangalifu na kwa woga. Mbele alikaa Yusuph, kompyuta yake juu ya magoti, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama. Mzee Mudathiri ndiye aliyeendesha. Alikuwa na duka la redio na nyaya mjini Kasulu, mtu wa Tanga aliyekaa nyanda hizi miaka mingi bila kupoteza ulimi wa kwao. Ndiye mwenye nyumba aliyopanga Yusuph, na leo ndiye mshenga, kwa kuwa wazazi wa Yusuph wako Upareni na safari ya kutoka huko si ya kwenda na kurudi.

"Mwalimu," Mzee Mudathiri alisema, "ukiendelea kunyamaza hivyo watadhani nimekuja kumposea bubu."

"Nasali, mzee."

"Sali, bwana we, lakini na kupumua upumue. Umebana pumzi tangu pale stendi."

Ernesta akacheka. Yusuph akageuka, na macho yao yakakutana juu ya ile spika. Alimtazama tu, kwa ile namna yake ya kumtazama mtu kama anayesikiliza, na Ernesta akajikuta anatengeneza khanga yake ambayo haikuwa imeharibika.

Kilichomfanya ampende mwanamume huyu kilikuwa masikio yake. Wanaume wengi wamekuja kwenye zahanati anakofanya kazi ya ukunga wakamsifia macho, wakamsifia mwendo. Yusuph, mwalimu wa muziki katika chuo cha ualimu, alikutana naye kwenye mazoezi ya kwaya ya jioni, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, wewe huanzi kuimba mpaka umesikiliza wenzako. Nani amekufundisha?"

"Baba," Ernesta alijibu. "Anapiga inanga."

Basi yakaanzia hapo. Yusuph hakuwahi kuiona inanga: gogo lililochongwa kama sinia refu, nyuzi zikavutwa juu yake, mpigaji akaliweka mapajani na kuimba kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona. Muziki wa zamani wa Buha, nchi ya Waha, muziki uliopigwa kwa watemi wakati babu za babu zetu hawajazaliwa. Alipousikia kwa Mzee Leonidasi, baba yake Ernesta, alitoka nje akasimama peke yake nyuma ya jiko. Ernesta alimfuata akidhani anaumwa. Alimkuta anajifuta uso.

"Muziki huu haujarekodiwa ipasavyo," alisema. "Ni dhambi, Ernesta. Mungu ametuwekea kitu hiki na sisi tunapita."

Miezi iliyofuata alikuwa akienda Kumsenga kila alipopata nafasi. Alikataa kurekodi kwenye nyumba ya bati kwa sababu bati hulia jua likipanda. Alichagua jiko la zamani la nyasi. Waya akaupitisha ukutani hadi chumba cha pili, akakaa huko peke yake na hedifoni masikioni, ili hata pumzi zake zisiingie. Kina mama waliacha kutwanga. Kuku walipelekwa kwa jirani. Na kila mara, kabla ya uzi wa kwanza kuguswa, Yusuph na Mzee Leonidasi waliinamisha vichwa wakasali, mmoja Mlutheri, mwingine Mkatoliki, kila mmoja kwa maneno yake.

Na sasa rekodi ile ilikuwa imeingia katika tano bora za Tuzo ya Sauti za Kale. Ilikuwa huko pamoja na kinanda cha kanisa kubwa la mjini, taarabu ya zamani ya Unguja iliyopigwa upya kwa ala za nyuzi, udi na kanuni, na kikundi cha fidla kutoka Dar es Salaam. Majaji waliandika sentensi moja tu juu ya kazi ya Mzee Leonidasi, na Ernesta alikuwa ameikariri kama sala: "Rekodi hii inapumua."

Leo familia itaisikiliza kwa mara ya kwanza. Baada ya kusikiliza, mshenga atasema neno lake. Na neno la mshenga halingejibiwa na Mzee Leonidasi. Lingejibiwa na kaka yake, Mzee Sylvesta, mkubwa wa ukoo. Binti hatoki kwenye ile nyumba pasipo yeye kusema ndiyo.

"Ana hasira za karibu huyo mkwe wetu mkubwa?" Mzee Mudathiri aliuliza walipokata kona ya Kumsenga.

"Ana hasira za mbali," Ernesta alisema. "Zikifika hazirudi. Alikaa bila kuingia kwa baba tangu matanga ya babu. Babu alimwachia inanga baba, mdogo, akamruka yeye mkubwa. Nyumba zao zinatenganishwa na migomba tu, lakini hakukanyaga."

"Sasa leo atakuja vipi?"

"Walipatana. Mwezi wa nne, siku moja Yusuph alipokuwa akirekodi. Mimi nilikuwa zamu, mama akanipigia simu analia: baba yako mkubwa ameingia ndani! Hata leo sijui ilikuwaje."

"Na mimi sijui," Yusuph alisema. "Nilikuwa chumba cha pili. Nilipotoka nikamkuta amekaa na kikombe cha uji, kama mtu aliyekaa hapo siku zote."

---

Uani walipokelewa kwa makofi. Ndiyo salamu ya Waha: mtu hufika, husimama, hukutanisha viganja taratibu, na mwenyeji humjibu vivyo hivyo, "Mwidiwe, mwidiwe," makofi yakifuatana na maneno, bila haraka, mpaka kila mmoja amepokewa. Mzee Mudathiri alipiga yake vizuri kabisa. Yusuph alitaka kujaribu, lakini mkono mmoja ulikuwa na kompyuta na mwingine umeshika nyaya, akaishia kuinamisha kichwa.

"Mwalimu bado mikono yake haijapata likizo," mama yake Ernesta alisema, na wanawake wakacheka.

Mzee Sylvesta alikuwa ameshafika, yumo katika jiko la zamani ambamo rekodi ilifanywa. Alikaa kiti cha karibu na mlango, koti la suti limefungwa vifungo vyote, fimbo katikati ya magoti. Ernesta alipiga goti kumsalimu.

"Umekonda," alisema. "Huko Kasulu hawali?"

"Tunakula, baba."

"Huyu ndiye anayetaka kukupeleka Upareni?"

"Hajasema Upareni, baba."

"Watu wa serikali hawasemi. Wanahamishwa." Lakini jicho lake halikuwa baya. Lilikuwa kwenye spika. "Haya, iwasheni. Mimi nimekuja kusikiliza."

Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Ernesta hakukitambua mara moja. Baadaye ndipo alipoelewa kuwa mzee yule, pamoja na ukali wake wote, alikuwa na hamu kama ya mtoto siku ya Krismasi.

Yusuph alibonyeza.

Kwanza haikusikika sauti yoyote, ila jiko lenyewe: majivu yakiporomoka, nyasi za paa zikigusana. Kisha pumzi ya mzee. Kisha uzi wa kwanza, mnene, ukatetema mpaka Ernesta akausikia kifuani kabla haujafika masikioni. Wa pili. Wa tatu. Halafu sauti ya baba yake ikaingia chini ya nyuzi hizo, ikinong'ona karibu mno, kana kwamba amekaa begani kwa kila mmoja aliyekuwa mle ndani.

"Masha Allah," Mzee Mudathiri alisema kwa pumzi. Mkono wake ulikuwa umekamata goti lake mwenyewe. "Nimekua na kanuni Tanga, marehemu mjomba akipiga kila Ijumaa. Kanuni inamwaga. Hii inachota. Sikiliza, sikiliza anavyouacha uzi ufe wenyewe! Wengine wangeuzima."

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mzee Leonidasi mwenyewe alitazama sakafu kwa aibu ya mtu anayesifiwa mbele yake. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, ule mrefu, wa ng'ombe waliovuka mto na mchungaji aliyebaki ng'ambo.

Ernesta alimtazama Yusuph. Alikuwa amefumba macho, na kidole chake kikitembea hewani pamoja na nyuzi. Alikuwa amekesha na kazi ile. Kila sauti ilikuwa mahali pake, safi, kana kwamba imeoshwa. Moyo wa Ernesta ukajaa. Alimshukuru Mungu kwa mikono ya baba yake na kwa masikio ya mwanamume huyu, na kwa kuviweka vitu viwili hivyo chini ya paa moja.

Mchungaji akaita ng'ombe. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Mzee Sylvesta akaegemea mbele. Akainua uso. Alikuwa karibu kutabasamu.

Wimbo ukaendelea.

Ukaendelea, laini, bila kusimama, mpaka mwisho.

Mzee Mudathiri alikuwa ameinua mikono kusifu, akaiona sura ya Mzee Leonidasi, akaishusha.

"Mwalimu," Mzee Leonidasi alisema polepole, "mgeni wangu yuko wapi?"

Yusuph alifumbua macho. "Mgeni gani, baba?"

"Baada ya mchungaji kuita mara ya tatu. Kulikuwa na mgeni mlangoni."

"Aa, yale makofi!" Uso wa Yusuph uling'aa, masikini, kwa fahari ya fundi. "Niliyatoa, baba. Kuna mtu alishindwa kuvumilia, akapiga makofi kabla wimbo haujaisha, na wewe ukasimama kidogo kumshukuru. Nilikata pale nikaunga. Ilinichukua muda mrefu, lakini kiungo hakisikiki. Hata majaji wamesifu, wamesema rekodi inapumua..."

Aliishia hapo alipoziona nyuso zao.

Mzee Sylvesta alisimama. Akaikita fimbo chini, akaipima, akaiegemea.

"Nilikuwa mimi," alisema.

Akatoka. Walimwona akipita uani na koti lake lililofungwa vifungo vyote, akaingia kwenye migomba, na majani yakafunga nyuma yake.

---

"Ulikuwa na masikio ya kusikia majivu!" Ernesta alikuwa akilia nyuma ya jiko, mahali pale pale alipomkuta Yusuph akijifuta uso siku ya kwanza. "Majivu, Yusuph! Na salamu ya mtu hukuisikia?"

"Kwetu makofi ni sifa. Nilidhani anasifu."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Mtu anasimama kwenye mlango wa mdogo wake baada ya miaka yote ile, anapiga hodi kwa mikono yake, na baba anaacha wimbo amjibu. Wewe umewafuta wote wawili. Umekata, umeunga, na unajisifu kuwa kiungo hakisikiki."

Yusuph alipokea kila neno bila kukwepa. Hilo ndilo lililomuumiza Ernesta zaidi. Angejitetea, angeweza kumchukia.

"Ipo?" aliuliza. "Au umeifuta kabisa?"

"Ipo. Sifuti kitu mimi. Ile nzima ninayo."

"Basi waambie wa tuzo waiweke hiyo."

Yusuph alitoa simu. Aliweka sauti ya nje ili Ernesta asikie. Upande wa pili alikuwa Bi Careen, mratibu wa tuzo, mwanamke mwenye sauti ya upole na haraka.

"Mwalimu wangu! Hongera tena. Majaji huku bado wanawazungumzia ninyi."

Yusuph akamweleza. Bi Careen alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Nakuelewa, kaka. Lakini kilichoingia tano bora ndicho hicho tulichosikia. Ukibadilisha, ni kazi nyingine, itasubiri mwakani. Na nikwambie ukweli, bila kukatisha tamaa: wimbo ule wa pili ndio uliowabeba. Iacheni ilivyo. Siku ya sherehe utasimulia hayo makofi jukwaani, watu watalia."

"Naomba nikupigie baada ya muda mfupi," Yusuph alisema.

Alirudi ndani, Ernesta nyuma yake. Mzee Leonidasi alikuwa amekaa pale pale, sasa ameiweka inanga mapajani, haipigi. Mzee Mudathiri alikuwa anachungulia kikombe chake cha uji kama mtu aliyepoteza kitu humo.

Yusuph alichuchumaa mbele ya mzee.

"Baba, jina lililo kwenye tuzo ni lako. Kazi ni yako. Wanasema tukirejesha ile nzima tunatoka. Siwezi kuamua mimi."

Mzee Leonidasi alipitisha kidole juu ya nyuzi bila kuzigusa.

"Wimbo ule nilimpigia aliyekuwa mlangoni," alisema. "Nilijua yuko pale. Nilimsikia akikohoa migombani tangu wimbo wa kwanza. Hao majaji sijui hata majina yao. Wamenisifu, nawashukuru, Mungu awabariki. Lakini sikuwapigia wao."

Mama akasema taratibu, "Ila ingekuwa vizuri kwenda Dodoma kwenye sherehe. Nilishashona gauni."

"Utalivaa kanisani."

"Kanisani wameshaniona na magauni yote."

Hata Yusuph alicheka, machozi yakiwa karibu. Kisha akapiga simu palepale, mbele yao wote, akiwa bado amechuchumaa.

"Dada Careen, naomba mtutoe. Ndiyo. Ndiyo, nina hakika. Asante sana kwa heshima mliyotupa."

Ernesta alimtazama akiiweka simu mfukoni. Alijua jinsi alivyokuwa akiisoma ile sentensi ya majaji kila usiku kabla ya kulala. Alijua kuwa mkuu wa chuo alishaitangaza tuzo hiyo mbele ya wanafunzi. Ameiachia kama mtu anayefungua kiganja. Hasira yake ikatafuta mahali pa kukaa, ikapakosa.

"Twende," alimwambia. "Mimi nitakuonyesha njia."

---

Migomba ilikuwa na kivuli kizito na harufu ya udongo uliolimwa. Ernesta alitangulia kwa sababu njia ilikuwa nyembamba, Yusuph nyuma yake, kompyuta kwapani. Nyumba ya Mzee Sylvesta ilikuwa imefungwa mlango, ingawa moshi ulitoka jikoni.

"Utambebea hiyo?" Ernesta aliuliza.

"Nataka asikie kuwa ipo."

"Yusuph. Mtu hapigi makofi kwa mkono mmoja."

Alimwelewa. Alitazama pande zote, akaiweka kompyuta juu ya jani kavu la mgomba, chini kabisa, kitu ambacho hajawahi kukiweka hata juu ya meza yenye vumbi. Akasogea mlangoni. Akapiga makofi.

Moshi tu uliendelea kutoka jikoni.

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, haraka haraka, kama mtu anayeshangilia mpira.

"Nani anafukuza ndege huko nje?" sauti ya Mzee Sylvesta iliuliza kutoka ndani.

Ernesta aliuma mdomo. Akaishika mikono ya Yusuph, mara ya kwanza kuishika mchana, karibu na nyumba ya mkubwa wake. Ilikuwa ya baridi. Akavikunja viganja vyake kidogo vibaki na nafasi katikati, kama anayechota maji.

"Hivi," alinong'ona. "Polepole. Unaomba nafasi, hupigi kelele. Na ukimaliza, unangoja."

Walikaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko ulivyohitajika. Kisha akamwachia.

Yusuph alipiga. Safari hii makofi yalitoka mazito na ya chini, yakifuatana kwa utulivu. "Mwidiwe, baba," alisema. Akapiga tena. Akangoja.

Mlango haukufunguka, lakini sauti ilikuja karibu zaidi, upande wa pili wa mbao.

"Unajua siku ile nilisimama nje kiasi gani?"

"Sijui, baba."

"Wimbo mzima. Nilikuwa nimetoka kuchimba mihogo. Nikasikia inanga ya baba yetu. Miguu ikanileta mpaka mlangoni, ikakataa kuingia, ikakataa kurudi. Nikasimama kama mbuzi aliyefungwa. Mwishowe mikono ikatangulia. Baba yetu hakuwahi kukatisha wimbo kwa ajili ya mtu. Hata mapadri walipokuja, walingoja. Leonidasi alikatisha. Alifunga nyuzi kwa kiganja, akanijibu makofi, akaendelea pale pale alipoishia. Leo nimevaa koti. Nimekuja nisikie tena mdogo wangu akinijibu. Wewe ukaniambia kiungo hakisikiki."

Yusuph alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa shati lake lile jeupe.

"Baba, nilikuwa chumba cha pili, nimeziba masikio kwa hedifoni. Nilidhani wimbo ndio kitu kikubwa kilichotokea siku ile. Nisamehe."

Kuku alipita, akaitazama kompyuta, akaidonoa mara moja, akaenda zake.

"Na hao wa tuzo?"

"Nimewaomba watutoe."

"Lini?"

"Kabla sijaja hapa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, baba."

"Leonidasi alisemaje?"

"Alisema hakuwapigia wao."

Nyuma ya mlango ikasikika sauti ambayo Ernesta alidhani ni kikohozi. Ilikuwa kicheko, kikavu, cha mtu asiyekitumia mara kwa mara.

"Wajinga wawili. Mmoja wa hapa, mmoja wa Upareni." Kisha, baada ya muda, kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa, makofi. Ya taratibu, viganja vimekunjwa, moja likifuata lingine. "Mwidiwe, mwanangu. Mwidiwe. Okota mashine yako kabla kuku hajaimaliza."

---

Walirudi watatu kupitia migomba. Mzee Mudathiri alipowaona alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyowashtua hata mbuzi. Mzee Sylvesta alikaa kwenye kiti kile kile cha karibu na mlango, bila kumtazama mtu, kana kwamba alitoka tu kwenda kuangalia mvua.

Yusuph aliunganisha nyaya. Ernesta akashika ncha ya waya mpaka ikaingia.

Wimbo mrefu ukaanza. Ng'ombe wakavuka. Mchungaji akabaki. Akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kisha, mbali kidogo na maiki, mlangoni, makofi. Yalikuwa na woga. Yalisikika kuwa yametoka kwenye mikono yenye udongo. Nyuzi zikanyamaza ghafla chini ya kiganja, na katika kimya kile Ernesta alisikia jiko, nyasi, pumzi za wazee wawili. Halafu baba yake akajibu, karibu, viganja vikilia juu ya gogo lenyewe, na sauti ikapasuka kidogo: "Mwidiwe, mkubwa wangu." Na uzi ule ule uliokatizwa ukaendelea pale ulipoachwa. Wimbo haukuwa tena ule wa mwanzo. Mchungaji sasa alikuwa anaimba kama mtu aliyewaona ng'ombe wake.

Ernesta alijua, kama mkunga anavyomjua mtoto anayekuja kwa kugusa tumbo la mama, kwamba hakuna kitu katika tuzo yoyote kilichoizidi dakika ile. Nani angethubutu kuikata?

Mzee Leonidasi alikuwa amekaa na inanga mapajani. Mzee Sylvesta alikuwa anatazama mlango, mahali alipokuwa amesimama siku ile. Bila kugeuka, alikutanisha viganja vyake, taratibu. Mdogo wake akamjibu. Mama akajibu. Mzee Mudathiri akajibu. Na Yusuph, ambaye mikono yake kwa mara ya kwanza katika nyumba ile haikuwa na kitu, akajibu pia, polepole, akiacha nafasi katikati kama alivyofundishwa. Macho yake yalikuwa kwa Ernesta, yakisikiliza.

Uzi wa mwisho uliachwa ufe wenyewe. Mzee Sylvesta alifungua kifungo kimoja cha koti, kisha cha pili. Akaiegemeza fimbo ukutani, kama mtu asiyekusudia kuondoka karibuni.

"Haya, mshenga," alisema. "Ulikuwa unataka kusema nini?"